Tunu za Mwezi Mosi

Mwezi huu sina orodha. Wanaonijua wanajua kwamba kila mwezi unapokwisha huwaandikia wenzangu, kwenye kikundi chetu cha simu, mambo yaliyonipendeza: pazia nililoliona mahali likanikosha roho, namna mpya ya kupanga vikombe, achari niliyoonja kwa watu nikarudi na mapishi yake, jambo dogo la kumpa mtu hamu ya kuamka asubuhi. Wananitania, ati mimi hata nikiingia nyumba ya msiba natazama mapazia kwanza. Mwezi huu nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, hadi mmoja wao akauliza kama simu yangu imeharibika. Simu ni nzima, mwenzangu. Aliyeharibika ni mimi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Malindi kutafuta vitu vya orodha hiyo. Kila mtu alikuwa akinisukuma, nenda kaone duka jipya la mapambo kule mji wa kale, litakupendeza. Duka silijui, lakini nyumba naijua. Ni nyumba ya bibi yangu, mamake mama, na kwa miaka mingi nimekuwa nikizunguka mtaa wa pili ili nisipite mlangoni pake. Siku hiyo jua lilikuwa la kupasua kichwa, kiatu kimenikata kisigino, nikasema potelea mbali, nikaingia.

Wameipaka nyeupe pe. Vidaka vyote vipo, vile vishubaka vilivyochimbwa ukutani tangu nyumba ijengwe, safu tatu, vitano vitano, na kila kimoja kimetiwa taa ndogo na chungu kilichokaa peke yake kama bwana harusi. Nikamuuliza msichana wa dukani, "Hivi mwavibadilisha lini?" Akanitazama kwa adabu, akasema, "Havibadilishwi, mama. Vilipangwa siku ya kufungua, basi." Nikatoka bila kununua hata kijiko, nikaketi kwenye baraza ya nje, mtu mzima mimi, nikalia kwa kwikwi watu wakipita. Mama mmoja akasimama akanipa pole, akidhani nimefiwa. Nikamwitikia tu, maana ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza. Nilikaa katika nyumba ile tangu nina miaka sita mpaka kumi na mbili. Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi katika nyumba za watu, na sauti yake ilitujia kwenye kaseti, akitusalimu mmoja mmoja na kulia kidogo mwishoni. Nyumbani tulikuwa watu watatu: bibi, mimi, na mwalimu. Mwalimu alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, aliyepewa kazi katika shule yetu ya msingi akakosa pa kukaa, bibi akampa chumba cha uani. Watu wakasema weee, na bibi akawajibu kwamba chumba ni chake na kaburi pia litakuwa lake, kila mtu ashughulike na lake. Ukuta kwa ukuta tulikuwa na jirani, mama wa Kigiriama aliyeolewa mjini kutoka Vitengeni, ambaye hakuwahi kuingia kwetu mikono mitupu hata siku moja. Na Mombasa alikuwako mjomba, mwana wa pekee wa kiume wa bibi.

Bibi aliniita mke mwenza. Ndiyo desturi yetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, hata kama babu keshakufa zamani na hamna mume wa kugombania. "Mke mwenzangu, njoo unitafutie miwani yangu." "Mke mwenzangu, hii chai umeitia sukari au umeiahidi tu?" Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi, na hakupenda mtu anayekaa bure.

Basi, mwezi ukiandama, nyumba ile ilivuliwa nguo. Wengine wanautafuta mwezi mbinguni kwa ajili ya Ramadhani na Idi. Bibi yangu aliutafuta miezi yote kumi na miwili, kwa ajili ya vidaka vyake. Asubuhi ya mwezi mosi tulishusha kila kitu. Mimi nilisugua vidaka kwa kitambaa na maji ya chokaa mpaka vidole vikachubuka, mwalimu akikung'uta mikeka uani kabla ya kwenda shule, jirani akiwa jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi na kutupigia kelele sote. Bibi mwenyewe hakumwachia mtu chetezo. Alipita nacho chumba hadi chumba, akifukiza udi hadi chini ya vitanda, akisema mwezi mpya usikute harufu ya mwezi wa zamani. Chokaa mbichi, udi, na mahamri yanayoumuka chini ya kitambaa: ningeipata leo harufu ile ningeifungia kwenye chupa, nisimpe mtu hata anuse.

Baada ya swala ya alasiri tuliketi mkekani, sote wanne, na kila mtu akatoa tunu yake. Tunu ilikuwa kitu kimoja tu ulichokutana nacho mwezi ule kikakupendeza, na usiwe umekinunua. Ulitakiwa useme kimekupendezea nini, na ole wako useme ni kizuri tu. Bibi angekurudishia: "Kizuri tu hata mbuzi akiona majani husema hivyo. Nenda kakitazame tena." Ukishasema, tunu inapewa kidaka chake, inakaa pale mwezi mmoja, na mwezi mwingine ukiandama inatoka, hata ingekuwa lulu. Siku moja nilimlilia aniachie yangu ibaki. Akasema kitu kizuri kikikaa sana hugeuka ukuta.

Ungeziona tunu zenyewe ungecheka. Jirani alileta kibuyu chenye shingo iliyopinda, akasema kimempendeza kwa sababu kimenuna kama mama mkwe wake. Mwalimu alileta jani moja la mti wa mkungu lililokuwa jekundu nusu na kijani nusu, akasema limeshindwa kuamua kama yeye na mji huu. Mimi shule ilipotupeleka Marafa, kule kwenye lile korongo lililochongwa na mvua, nilichota udongo wa rangi tano, nikaupanga tabaka kwa tabaka katika chupa ya dawa ya kikohozi, na bibi akaugeuzageuza mwangani kwa muda mrefu hata nikaona haya. Mjomba naye mara moja alikuja siku ya mwezi mosi na maua ya plastiki kutoka dukani. Bibi aliyashukuru vizuri kabisa, akayapeleka msalani.

Halafu kulikuwa na onja, chakula kimoja ambacho mwezi uliopita hatukukila. Jirani alituletea mabungo na kunazi, matunda ya porini, na mboga ya mchunga iliyo chungu mpaka masikio yanawasha. Mwalimu alitupikia viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, wanavyovila kwao. Bibi akala sahani nzima, akapangusa midomo, akasema ni chakula cha heshima, kimekosa nazi tu. Kwa bibi kila kitu duniani kilikuwa kimekosa nazi tu.

Nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kugundua. Birika ya chai iliyokuwa karibu na goti lake bibi aliipiga teke. Nikadhani ni haraka. Jirani alimpungia mkono kutoka ubavuni, hakuitikia, jirani akarudi kwake amevimba: "Leo mayo kaninunia, nimemkosea nini?" Mayo ni mama kwao, ndivyo alivyomwita bibi. Lakini msahafu akiuweka mbele yake aliusoma bila kukwama, na uzi aliutunga kwenye sindano kunishinda mimi. Nani angedhani? Ukaja mwezi mosi mwingine, akaichukua ile chupa yangu ya Marafa kidakani ili kuishusha, akaniambia shika, akaiachia pembeni mwa mkono wangu, pasipo na kitu. Ilipasuka sakafuni, rangi zote tano zikachanganyika zikawa vumbi. Mwalimu na jirani wakasema pole, bahati mbaya. Mimi nilikuwa nimeyaona macho yake. Yalikuwa yakitazama mahali ambapo mkono wangu haukuwapo.

Aliniita chumbani, akafunga mlango. "Mke mwenzangu, nachungulia tundu la ufunguo," akaniambia. "Kilicho mbele nakiona. Cha pembeni, giza." Nikamuuliza kama tumwambie mjomba. Akanishika kidevu, akasema, "Wewe wataka twende tukakae ghorofani?"

Hapo lazima nikueleze. Mjomba kila akija alikuwa na wimbo wake: mama, siku nitakayosikia umeanguka, naifunga nyumba hii, nakuchukua Mombasa. Hakuwa mtu mbaya, wallahi hakuwa. Alikuwa akimpenda mamake kwa namna ya kumtia kabatini asipate vumbi. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya nne, na bibi alisema kule hata kuku wanasikika kwenye redio tu. Mimi nami sikutaka kuondoka. Nilikuwa na kidaka changu, cha tatu kutoka kushoto, safu ya chini. Kwa hiyo usiniambie nilinyamaza kwa ajili yake peke yake. Nilinyamaza kwa ajili yangu pia.

"Hili ni letu wawili," akasema. Mtoto wa miaka kumi, kupewa siri na mtu mzima! Nilitoka chumbani mle nimevimba kichwa kama niliyevishwa dhahabu. Sikuogopa hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote, kwamba sikuogopa.

Nikawa fundi wa kumficha. Tunu zangu zikawa za kunukia na za kulia: asumini, kilua, rehani iliyosagika kiganjani, ganda la mbegu linalochakacha ukilitikisa. Bibi alizinusa, alizitikisa, akazisifu kwa maneno matamu kuliko zamani, na mwalimu akasema mtoto huyu ana kipaji. Kisha nikafanya jambo jingine. Nyumba iliyokuwa ikivuliwa nguo kila mwezi, mimi nikaanza kuivika nguo ile ile. Tukishamaliza usafi nilirudisha kila kiti, kila mtungi, kila mkeka pale pale ulipokuwa, inchi kwa inchi, ili mguu wa bibi usikosee. Vidaka peke yake ndivyo vilivyobadilika, na kila kimoja nilimwambia sikioni kina nini. Watu wakamsifu bibi, uzee umemkubali, tazama nyumba ilivyonyooka. Bibi alinifinya mkono chini ya kanga. Tulikuwa tukiwashinda.

Mwalimu alikuwa mtu wa kutazama. Siku moja tukirudi kutoka shule akaniuliza, "Hiyo macho ya shosho iko sawa kweli?" Yeye bibi alimwita shosho, kama wanavyowaita kwao. Nikamjibu kwa ufidhuli kabisa kwamba bibi anaona kuliko mimi na yeye tukijumlishwa. Kisha akasema madaktari wa macho watakuja zahanati Jumamosi, wanapima wazee bure, na ingekuwa vizuri shosho aende, hata kwa kujihakikishia tu.

Nilimpelekea bibi habari hiyo kama ilivyo, sikumficha. Alikuwa akichambua mchele, kwa vidole tu wakati huo, uso ameuinua. Akasema, "Nikikanyaga zahanati asubuhi, adhuhuri mjomba wako ana habari. Mji huu mtu akipiga chafya mtaa wa Shela, anaombewa rehema mtaa wa Barani." Akaendelea kuchambua. Halafu, kama anayejisemea, akaongeza kwamba macho ni ya Mungu, alikopesha na anachukua. Mimi nikaona ni sawa. Nani alinifundisha kwamba kuna macho ambayo Mungu huyaacha, kama mtu akienda Jumamosi?

Mwalimu hakuridhika. Mwezi mosi uliangukia Alhamisi ya wiki ile ile, na Jumatano alisema mbele yetu, huku akimtazama bibi, kwamba safari hii ameleta tunu ya kutazamwa, na angependa shosho mwenyewe amwambie ameona nini ndani yake. Nilielewa papo hapo. Watoto wanaoficha jambo huwa na masikio marefu. Kesho yake asubuhi, nikifagia chumba cha uani, niliikuta mezani: picha kutoka kwao, kubwa kama daftari. Milima ya majani chai, ukungu juu, mwanamke mwenye kikapu mgongoni katikati, na pembeni kabisa, chini, mbwa mweupe ameketi. Mtu mwenye tundu la ufunguo angemwona mwanamke. Mbwa asingemwona. Nami sikujua kwamba siku hizo hata lile tundu lilikuwa karibu kuziba.

Nilimfuata bibi jikoni, nikamwimbia picha ile mara tatu, kama tulivyokuwa tukihifadhishwa sura chuoni. Rangi ya kilemba. Kikapu kimejaa nusu. Mbwa, mkono wa kushoto, chini, sikio moja limelala.

Alasiri ikafika. Mwalimu akaitoa picha kwenye bahasha, akampa bibi kwa mikono miwili. Nakumbuka sinia la mahamri halijaguswa, na jirani, asiyejua lolote, akiwafukuza nzi. Bibi aliishika ile picha, akaisogeza, akaiondoa, akavaa miwani, akavua. Kisha akaanza. Akamsifu mwanamke kwa kufunga kilemba vizuri, ingawa kikapu, akasema, kimejaa nusu, na mchana huo umekwenda, labda ni mvivu. Jirani akacheka. Bibi akateremsha kidole polepole mpaka pembe ya kushoto, chini, akagonga pale. "Lakini anayenifurahisha ni huyu mbwa mweupe. Sikio limemlala, naye amekaa kana kwamba shamba ni la babake."

Mwalimu alipiga makofi. Alimkumbatia bibi, machozi yakimlengalenga, akasema, "Haki, shosho, nilikuwa nimeogopa." Picha ikapewa kidaka cha katikati, safu ya juu. Mwalimu hakutaja tena zahanati. Na mimi na bibi, mwenzangu, tulikwenda nyuma ya mlango wa chumba chake, tukajitia kanga midomoni, tukacheka mpaka tukakaa chini. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule. Sijawahi kujiona na akili kama wakati ule.

Jumamosi nilitumwa nazi. Nilipita mbele ya zahanati. Wazee walikuwa wamekaa foleni kwenye mabenchi chini ya turubai, na mama mmoja mwenye koti jeupe alikuwa amemwinamia mzee, anammulika jichoni kwa kitochi kidogo. Mambo yenyewe yalikuwa ni hayo tu. Kitochi. Nilisimama nikatazama wazee wanne wakimulikwa, nikaona hakuna anayelia, kisha nikaenda nikachagua nazi mbili, nikazitikisa kusikia maji kama nilivyofundishwa, nikarudi nyumbani. Alasiri wale watu walikuwa wamekunja turubai lao wakaenda zao.

Mwaka haukupita, bibi akaanguka kwenye ngazi ya uani, nyonga ikateguka. Mjomba alikuja siku ile ile. Pale ndipo ilipojulikana, maana hospitalini Mombasa, wakitaka kujua ameikosaje ngazi, walimtaka asome herufi ukutani, akauliza, "Ukuta uko wapi?" Mimi nilikuwapo. Walimtoa kwa kiti cha magurudumu kwenda kupigwa picha ya nyonga, na daktari akabaki na mjomba. Akasema hii ni presha ya macho. Haiumi, inaiba kimyakimya kutoka pembeni. Lililokwisha potea halirudi. Lakini angeletwa mwaka jana tu, angepewa dawa ya matone, na alichokuwa nacho kingebaki. Mjomba aligeukia dirisha. Kisha akauliza bila kunitazama, "Nyumba nzima, hakuna aliyeona?" Nilivitazama viatu vyangu. Viatu vya shule, vyeusi, kimoja kamba imekatika.

Alikwenda kufunga nyumba mwenyewe. Nilifuatana naye kuchukua nguo. Jirani alikuwa amekaa kwenye baraza yake, mikono mitupu magotini kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mwalimu alikuwa akifunga mizigo, amepata chumba kwingine. Aliponiona alinishika mabega, akawa anarudia neno moja tu, kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu: "Lakini aliiona ile picha. Si aliiona? Hata mbwa alimwona." Nilikuwa na nafasi ya kumwondolea mzigo ule. Ilikuwa kufungua mdomo tu. Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu, aliiona." Sijui alikwenda wapi baadaye, wala kama hadi leo bado anajiuliza.

Ghorofani tulikaa sote, bibi na mimi na jamaa ya mjomba. Walimtunza, siwezi kusema uongo. Alikuwa na kiti chake chenye mto laini karibu na dirisha, chakula kwa saa zake, dawa kwa saa zake. Mwezi ukiandama nilimletea kitu cha kunusa, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakukuwa na kidaka, nilikiweka kwenye dirisha, na mke wa mjomba akifagia alikitupa, si kwa ubaya, alidhani ni taka. Mwezi wa nne sikuleta kitu, na bibi hakuuliza. Hakuwa tena na ulimi. Hata wali uliopikwa kwa mafuta aliula bila kusema umekosa nini.

Siku moja tulikuwa wawili tu ndani, wengine wamekwenda harusini. Nilikuwa namkata kucha. Akasema, "Mke mwenzangu." Alikuwa hajaniita hivyo tangu tuhame. "Wewe ulikuwapo kwa daktari. Mjomba wako nikimuuliza anakohoa. Niambie haki ya Mungu. Yale macho yangu yangewahiwa?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nimeshika mkono wake, vidole vyembamba, vya kuchambua mchele, vya kugonga pembe ya picha. Uso wake ulikuwa umenielekea lakini kidogo tu umepitiliza, kuelekea sikio langu. Nilitaka sana kumwambia. Nilitaka anipige, aninyime radhi, alie, afanye lolote ambalo mtu aliyeibiwa hufanya. Nikamwambia, "La, Bibi. Alisema yasingewahiwa."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema, mtoto mdogo yule, nimemtwika dhambi gani? Kumbe hatukukosea." Akangoja. Alikuwa akingoja niitikie, kama zamani alivyongoja nimwambie kidakani mna nini. Nikasema, "Hatukukosea, Bibi." Akanipa mkono wa pili nimalizie kucha.

Alifariki kabla sijamaliza shule ya sekondari. Nyumba warithi wakaiuza, jirani akarudi kwao Vitengeni, mama akarudi kutoka Uarabuni akakuta kaburi. Vyote hivyo vimekwenda na nimejifunza kukaa bila ya vyote, ndivyo dunia ilivyo, hata wewe una vyako. Nisichoweza kukizoea ni kingine. Usiku na mchana wa miaka yote hii nimekuwa nikisubiri mtu anikasirikie kwa lile nililolifanya, na hayupo. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki hiyo, alikuja akaniuliza kwa mdomo wake, na mimi nikamnyima hata hasira yake.